Siku ya kumi na tano ni ya nani?

Barua ya wazi kwa wanaosimamia huduma za VVU na hospitali katika mikoa ya Lindi na Mtwara

Waheshimiwa,

Shikamooni. Mimi ni mwanamke wa huku juu, uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Naishi na VVU na nameza dawa tangu 2008. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mfuatiliaji wa kujitolea: kliniki ya CTC, yaani ya huduma na matibabu ya VVU, ikiona mtu hajaja kuchukua dawa, napewa jina na kitongoji, napanda bodaboda, namtafuta. Nimewarudisha wengi. Ninayetaka kuwasimulia habari zake nilimrudisha kwa mkono wangu mwenyewe, na ni mdogo wangu, tumbo moja.

Najua meza zenu zina karatasi nyingi, kwa hiyo shida yangu naitanguliza. Mgonjwa wa VVU ambaye kinga yake imeshuka sana akiingia wodini na dalili za kichwani, huanzishiwa dawa ya toksoplazma, kijidudu kinacholeta uvimbe kichwani, na kutazamwa kwa siku 14. Hilo ni sawa, na kila tabibu niliyemuuliza analijua. Asipopata nafuu, ugonjwa unaofuata kufikiriwa ni limfoma, yaani saratani inayoota ndani ya ubongo. Hilo nalo wanalijua. Ila sijampata hata mmoja aliyeweza kuniambia nani huamka asubuhi ya siku ya 15 akafanya jambo. Siku hiyo haina mwenyewe.

Mdogo wangu alikuwa anaendesha kirikuu. Msimu wa korosho ukifika anabeba magunia kutoka mashambani kupeleka ghala la chama cha msingi, usiku na mchana, analala ndani ya gari. Msimu wa 2022 aliondoka na dawa za miezi mitatu. Zilipokwisha hakurudi. Hakugombana na mtu kliniki, hakuhubiriwa na mtu kwamba amepona. Alijisikia mzima tu, na pesa ilikuwa inaingia. Nilipompata Machi 2024 alikuwa ameutoboa mkanda matundu mawili mapya kwa msumari ili suruali isidondoke.

Kliniki walimpokea vizuri, hawakumfokea. Wakampima uzito, wakampa dawa za mwezi mmoja, wakamwambia wingi wa virusi utapimwa baadaye. Nikauliza CD4, hesabu ya seli za kinga kwenye damu. Vifaa vya kipimo vilikuwa vimekwisha. Nikasema basi, si amerudi? Nilikuwa na furaha, na furaha ilinipumbaza.

Naomba nikae kidogo kwenye hicho kipimo, maana naona kama kimesahauliwa. Tangu 2016 nchi yetu inampa dawa kila anayekutwa na VVU bila kungoja CD4 ishuke, na huo ni uamuzi uliookoa watu. Ila tangu hapo CD4 imekuwa kama mtoto wa kambo. Tunaulizana wingi wa virusi tu. Wingi wa virusi unakwambia dawa inafanya kazi au haifanyi. Mtu aliyeacha dawa miezi kumi na sita, jibu hilo tunalo kabla hata ya kumchoma sindano. Tusilolijua ni kinga imeshuka mpaka wapi, na ni ugonjwa gani umeshaingia ndani unamngoja. Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2017: mtu mzima mwenye CD4 chini ya 200 amefika hatua ya juu ya ugonjwa. Na miongozo yake ya leo inataka apimwe kifua kikuu hata kwa mkojo, apimwe damu kuangalia fangasi wa kriptokoka, apewe Septrin ya kinga. Hata ARV zenyewe kuna nyakati husubiri: mwenye homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka huanza kwanza dawa ya fangasi, ARV zikafuata baada ya wiki 4 mpaka 6, maana kinga ikiamka ghafla kichwani inaweza kumuua mwenyewe. Mambo yote hayo yanategemea namba moja, na siku ile hatukuwa nayo.

Tarehe 26 Machi, katikati ya Ramadhani, tulikuwa mkekani tunafuturu. Nikampa kikombe cha uji. Akakipokea kwa mkono wa kulia, vidole vikakizunguka vizuri tu, kisha vikafunguka vyenyewe. Uji ukammwagikia mapajani. Hakuruka. Alikaa anautazama ule mkono kama wa mtu mwingine, akaniambia, “Dada, huyu ananichokoza.”

Shangazi akasema jini. Nami niliyevaa fulana ya kampeni ya UKIMWI, niliyewakataza watu wa kitongoji kizima, nilimsindikiza kwa fundi, mganga wa kienyeji. Tulikaa huko siku nne. Tukapita zahanati, akapimwa malaria, hana. Siku ya tisa tangu kikombe kianguke akawa ananiita kwa jina la marehemu mama yetu, ndipo tukaenda hospitali. Siku hizo tisa ni zetu wenyewe, siwatwishi ninyi.

Hospitali hiyo sitaitaja, na wahudumu wake sitawataja. Nilipokelewa na daktari kijana ambaye mpaka leo nikimkumbuka namwombea dua. Alipima kriptokoka, hakuna. Akatuma damu ya CD4. Akanieleza kwamba mtu akiwa na kinga ndogo hivi, mara nyingi uvimbe kichwani huletwa na kijidudu cha toksoplazma, ambacho wengi tunacho mwilini kimelala na huamka CD4 ikienda chini ya 100. Hapo hapakuwa na CT, mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, kwa hiyo angemtibu kwa Septrin ya dozi kubwa na kumwangalia. “Wengi huonyesha nafuu ndani ya wiki mbili,” alisema. “Asipoonyesha, tutafikiria kingine.” CD4 ilirudi siku ya sita: 23.

(Daktari alitaja pia kwamba kijidudu hicho hupitia kinyesi cha paka na nyama isiyoiva. Lo! Nilipofika nyumbani kubadili nguo, shangazi alikuwa ameshamfukuza paka wetu mpaka mtaa wa pili. Paka yule hakuwa na hatia, kama mtakavyoona.)

Idd ilitukuta wodini. Nilimletea pilau, akala kwa mkono wa kushoto, nikamkatazia kwa mazoea kisha nikajishika mdomo. Siku ya 14 ilikuwa Alhamisi, 18 Aprili. Mguu wa kulia nao ulikuwa umeanza kuburuza.

Siku ya 15, Ijumaa, daktari kijana alikuwa amekwenda semina. Aliyepita raundi alisoma faili, akaandika “endelea”. Jumamosi zamu nyingine: endelea. Jumapili, endelea. Jumatatu, endelea. Faili lilikaa miguuni pa kitanda, nililisoma mwenyewe. Sioni mtu mbaya katika maneno hayo manne. Kila mmoja alimkuta mgonjwa wa mwenzake, mwenye mpango wa mwenzake, ana watu arobaini wa kuwaona kabla ya adhuhuri. Mpango uliandikwa mwanzo wake, mwisho wake ulibaki kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwepo.

Jumanne daktari kijana akarudi, akafungua faili, akakaa kimya. Alhamisi tulikuwa mjini Mtwara kwenye CT. Uvimbe ulikuwa mmoja, mkubwa, umevuka katikati kutoka upande mmoja wa ubongo kwenda wa pili. Toksoplazma hupenda kuacha madoa kadhaa. Limfoma mara nyingi huja moja au machache, na hupenda kuvuka hapo. Picha peke yake haitoshi kuapa, lakini ilitosha kumtoa mtu kitini. Tukarudi na picha. Kwa kuwa ubongo ulikuwa umevimba, aliyekuwa zamu akamwanzishia sindano za deksamethazoni.

Waheshimiwa, nisikilizeni vizuri hapa. Jumapili yake mdogo wangu alishika kikombe kwa mkono wa kulia. Alikunywa chai yote. Aliniita kwa jina langu. Akaniuliza Yanga wanacheza lini. Nilisujudu pale pale sakafuni, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akapiga makofi. Hatukujua kwamba deksamethazoni huyeyusha seli za limfoma kwa muda, zikajificha, kisha zikarudi. Nafuu ile ndiyo iliyotulegeza. Ijumaa ilikuwa sikukuu, Muungano unatimiza miaka 60. Jumatano ikawa Mei Mosi. Katikati yake kila mtu alisema si anaendelea vizuri? Karatasi ya rufaa ya Dar es Salaam ilitoka tarehe 2 Mei, baada ya kuanguka kifafa usiku.

Jumamosi tarehe 4 Mei tulikuwa stendi alfajiri. Siku hiyo hiyo kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Barabara ikakatika Somanga, wilayani Kilwa, magari yakakwama huku na huku. Njia nyingine ni kuzunguka Tunduru, Songea, Njombe, na mgonjwa wa kifafa huwezi kumzungusha nusu ya nchi kwenye basi. Ndege ipo, ila nauli yake ni ya watu wengine. Tuliondoka tarehe 10.

Watu wakinipa pole husema kimbunga kiliwaponza. Nimeshahesabu. Tangu kikombe kianguke mpaka asubuhi ile ya stendi ni siku 39. Tisa zilikuwa za kwetu, za jini na zahanati. Kumi na nne zilikuwa halali, za kuijaribu dawa. Zinabaki kumi na sita ambazo hakuna aliyezifanyia jambo kwa wakati wake. Kimbunga kilikula sita.

Dar, swali la kwanza la daktari wa upasuaji wa ubongo lilikuwa: “Amepewa deksamethazoni?” Nikajibu kwa fahari kabisa kwamba ndiyo, na ilimsaidia sana. Aliinamisha kichwa. Alinieleza kwamba ili kujua ugonjwa kwa hakika lazima kichukuliwe kinyama kutoka kwenye uvimbe, na dawa hiyo ikishapita, kinyama kinaweza kutoka hakina cha kusema. Dawa ikapunguzwa taratibu, tukasubiri, na mgonjwa akazidi kushuka tukimwangalia. Simlaumu aliyeanzisha sindano. Ubongo ukibanwa kiasi cha kumuua mtu, lazima dawa ile itolewe, hata huyo wa Dar alisema hivyo. Ila anayeitoa ajue anafunga mlango gani, na apige simu kwanza kwa anayeshika ufunguo.

Kinyama kilisema limfoma ya seli B, na ndani yake mlikuwa na virusi vya Epstein-Barr. Nilidhani ni ugonjwa mwingine aliouleta safarini. Kumbe karibu sisi sote tunavyo tangu utotoni, hupitia mate, vikalala ndani ya seli za damu zinazoitwa B. Seli nyingine za kinga huvichunga zisivipe nafasi. CD4 ikishuka chini ya 50 walinzi hawapo, na zile seli B huanza kuzaana ovyo, hata ndani ya ubongo. Limfoma ya ubongo ya watu wenye VVU karibu zote zina virusi hivyo, ndiyo maana kwingine hupimwa hata katika maji ya uti wa mgongo, pale picha inapoonyesha ni salama kuyatoa. Na si virusi vya ugenini: mwaka 1964 vilionekana kwa mara ya kwanza katika uvimbe wa mtoto wa Uganda, jirani zetu hapa. Paka hahusiki.

Tiba ipo. Zamani kabla ya ARV mtu aliishi miezi michache tu. Leo anayerudishiwa kinga kwa ARV na kupata methotreksati, dawa ya saratani, ya dozi kubwa kwa mshipa, wapo wanaoishi miaka. Lakini dawa hiyo inataka figo zenye afya, maji mengi, dawa ya kuizima isidhuru mwili, na maabara ya kupima kiasi chake kwenye damu. Mdogo wangu alifika figo zimechoka. Walimpa mionzi, siku chache. Alifariki mwishoni mwa Juni, Dar, tukamrudisha kwa barabara ile ile. Pale Somanga dereva alipunguza mwendo, udongo mpya bado mwekundu.

Sasa naomba, na ninaomba vitu ambavyo havihitaji jengo. Majengo mmetupa; hospitali ya kanda pale Mitengo tunaiona na tunashukuru.

Kila anayerudi baada ya kuacha dawa apimwe CD4 siku anayorudi, kabla hajatoka getini. Kama mashine haina vifaa, kipo kipimo cha ukanda kisichohitaji mashine wala umeme, kinachosema tu CD4 iko juu au chini ya 200. Kwa anayerudi, hilo linatosha kuanzia. Kiwekwe CTC zote, hasa zile za mbali, na kisiishe Februari na Machi, kwa sababu hapo ndipo watu wetu wanaporudi kutoka kwenye korosho. Ratiba ya manunuzi inajua mwaka wa fedha. Ijue na msimu wa korosho.

Halafu siku ya 15. Mgonjwa wa VVU anapoanzishiwa Septrin ya toksoplazma kwa kukisia, siku hiyo hiyo ya kwanza iandikwe juu ya faili, kwa kalamu nyekundu ikibidi, tarehe ya siku ya 15 na jina la atakayeamua. Akienda semina, jina la mwingine. Na miadi ya CT iombwe siku ya kwanza, si ya 15. Akipona tutaifuta, hakuna atakayekasirika. Nafasi ya CT iliyofutwa haijawahi kuua mtu. Pamoja na hiyo, damu ipimwe mapema kingamwili za toksoplazma, yaani alama kwamba kijidudu hicho kimeshaingia mwilini. Mtu asiye nazo, tena aliyekuwa akimeza Septrin ya kinga, kumsubiri siku 14 ni kumdanganya.

Kwa deksamethazoni nimeshasema. Ningependa kuona kikaratasi kimoja tu kimebandikwa kwenye kabati la dawa: kabla ya kumpa mgonjwa wa VVU mwenye uvimbe kichwani, piga namba hii. Namba iwe ya daktari anayepokea.

Gharama nisizizungushe. ARV ni bure, CTC ni bure. CT, nauli, chumba cha kulala Mbagala, na kinyama, hivyo si bure. Tuliuza kirikuu. Fomu ya msamaha ipo ustawi wa jamii, ila niliambiwa habari zake tukiwa tumeshauza. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023. Kila mkikaa kuangalia kifurushi cha msingi, mkumbukeni mtu wa VVU anayetoka huku na rufaa ya ubongo, maana kwa upasuaji wa kichwa sisi tulilazimika kwenda Dar.

Nimesikia hoja kwamba wagonjwa kama hawa ni wachache. Kitaifa, utafiti wa 2022 na 2023 ulionyesha asilimia 4.4 ya watu wazima wana VVU, na mikoa inayoongoza ni Njombe, Iringa na Mbeya, siyo sisi. Nakubali. Lakini uchache wetu ndio unaofanya zamu ya Jumamosi imkute mgonjwa wa namna hii mara moja kwa mwaka, asikumbuke. Aliyeko Mbeya anakumbuka kwa kuona. Aliyeko huku inabidi akumbushwe na faili.

Na watoro, yaani wanaoacha dawa, wanaongezeka, hilo nalisema kama mtu wa mtaani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, mradi uliokuwa unatupa nauli ya bodaboda ulisimama siku hiyo hiyo. Dawa hatukukosa, na ninawashukuru kwa hilo. Ila sisi tunaowatafuta watu tulikuwa ishirini, sasa tuko wanne, na wanne hao tunakwenda kwa miguu.

Wiki iliyopita nilimrudisha dada mmoja kutoka kambi ya wavuvi. Jicho moja limelegea, maneno yanamponyoka. Amelazwa, ameanzishiwa Septrin ya dozi kubwa, CT hajaombewa. Leo Jumatatu ni siku yake ya tisa. Ya kumi na tano itaangukia Jumapili. Nimeuliza zamu ya siku hiyo ni ya nani, nimeambiwa ratiba bado haijabandikwa.

Wenu,
Mfuatiliaji wa kujitolea, mkoani Mtwara